Viatu Vinavyotazama Ziwa

Mwanangu Magesa,

Hakuna mtu mwenye bahati kunizidi mimi kuanzia Igoma mpaka Bukoba, na Kampala nako nikifika huwa wananiangalia kwa wivu. Niliwahi kuoga kule kwetu Majita, na kabla sijamaliza kujifuta, mamba akatoka palepale nilipokuwa nimesimama akaondoka na mbuzi wa jirani. Niliwahi kununua robota la viatu vya mitumba bila kulifungua, nikakuta pea zote zimetimia, wakati mwenzangu wa meza ya pili siku hiyohiyo alipata viatu vya kushoto vitupu, akakaa mwezi mzima akiulizia mteja mwenye mguu mmoja. Mama yako nilimpata mbele ya wanaume watatu wenye baiskeli, mimi nikiwa kwa miguu. Na bahati iliyozidi zote hizo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa na umri kama wako nilikaa kambi moja ya mpira, tukiwa wavulana kumi na sita, na viatu vyangu havikuwahi hata siku moja kuwekwa juu ya jiwe.

Ni habari za hilo jiwe ninazokuandikia.

Sasa hivi ni saa kumi na jua bado liko. Umekwenda kwa bibi yako kuaga. Mama yako ameshafunga sanduku lako, akalifungua, akalifunga tena. Mambo ya sabuni, chandarua, na kutonunua mihogo dirishani kwenye basi ameshakuambia mara nne, mimi sina la kuongeza. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu nakujua: ukifika Musoma utatazama viatu vya mpira kabla hujatazama kitanda.

Siku tano hujanisemesha ila shikamoo, na hiyo shikamoo yenyewe unaitoa kama mtu anayelipa ushuru. Sikulaumu. Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga, nikaingia kambini kwenu mchana kweupe, nikakutoa mbele ya wenzako, na walipouliza kulikoni nikasema nimepata mteja wa viatu vyako. Wenzako walicheka. Wewe ulilia ndani ya kivuko ukiwa umegeukia majini ili nisione, nami nikajifanya sioni. Tangu hapo unaamini baba yako alikuuza kwa bei ya pea moja ya njumu za mtumba. Lakini njumu ziko ndani ya sanduku lako, Magesa. Hakukuwa na mteja.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Unajua niliishia kidato cha pili. Watu huwa nawaambia niliacha shule kwa sababu walimu waliishiwa vya kunifundisha. Ukweli ni kwamba alikuja mtu mmoja mwenye meno mazuri na shati lililopigwa pasi, akasimama nyuma ya goli letu wiki nzima akitazama, kisha akaenda kwa babu yako akasema huyu mtoto ana mguu, mpe mimi. Timu yake ilikuwa ya vijana. Yeye mwenyewe hatukumwita kocha, tulimwita Mlezi. Alitulisha mkate wenye siagi. Mimi siagi nilikuwa naisikia kwenye hesabu za darasani tu.

Kambi ilikuwa nyumba moja kando ya ziwa, nje ya mji, pale mawe makubwa yalipobebana kama yanataka kuanguka na hayaanguki. Siku ya kwanza alitupanga mstari akatuambia majina yetu yabaki nje ya geti. Jina likitamkwa hapa, alisema, upepo wa ziwani unalichukua unalipeleka kwa wapinzani, nao wanalifunga. Kwa hiyo kila mtu akapewa namba, na hiyo namba ndiyo uliyoitwa wakati wa kula, wakati wa kuoga, wakati wa kuamshwa. Mimi nilikuwa Nne. Aliyelala mkeka wa pembeni yangu alikuwa Tano, kijana aliyezoea kunyoosha kila kitu kwa ncha ya mguu. Na kulikuwa na winga mmoja Msukuma kutoka Magu, mwembamba, anayecheka kwa mwili mzima, aliitwa Nane. Wiki ya pili nilikuwa nimeshasahau kama watu wale walikuwa na majina. Wiki ya tatu Nane aliniambia, kwa utani, kwamba ameota mama yake anamwita naye hakujua anaitwa nani.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba maumivu hayatajwi. Ukisema unaumwa, umeyaachia maumivu, yatahamia kwa mwenzako, tutafungwa. Basi mtu alivunjika kidole cha mguu akanyamaza, tukamsifu.

Ya tatu ndiyo ya viatu. Viatu vyetu alivitunza yeye ndani ya gunia. Kila mchana, tukishakula ugali, tulitakiwa kulala mpaka saa kumi. Lakini kabla ya kulala, mmoja wetu angetupa jicho nje, na angeona pea moja imetolewa kwenye gunia ikawekwa juu ya jiwe bapa lililokuwa kati ya nyumba na maji. Pea moja tu, imepangwa sawasawa, ncha zake zinatazama ziwa. Mwenye viatu hivyo alijua ni yeye. Angekwenda kwenye chumba cha nyuma, kwa Mlezi, kusafishwa nyota. Sisi wengine tulilala tukigeukia ukutani. Hiyo nayo ilikuwa amri: anayesafishwa asitazamwe, nyota inaogopa macho.

Mwanangu, mimi nimekaa Geita kwenye machimbo, nimelala Nairobi kwenye vichochoro, nimefukuzwa na askari wa mpakani huku nimebeba kichwani mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile kimya cha saa nane mchana. Jua linawaka, hakuna giza hata la kujificha paka, na wavulana kumi na watano wameangalia ukuta. Hakuna aliyelala. Ukuta ulikuwa na alama za pumzi zetu. Nje, kwenye maji, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wakipanda juu kama moshi mweusi, nguzo ndefu inayotembea polepole juu ya maji bila sauti, na mimi nilikuwa nikiwaza kwamba ile nguzo inakuja kututafuta, na itatukosa kwa sababu haina majina yetu.

Halafu mlango wa nyuma ungefunguka. Mwenzetu angetoka, angechukua viatu vyake juu ya jiwe, angekaa pembeni kufunga kamba. Angefunga na kufungua, kufunga na kufungua. Saa kumi tukiingia mazoezini Mlezi angempigia makofi na kusema leo nyota ya huyu inawaka, na angempa soksi mpya. Na sisi, Magesa, wengine wetu tulizionea wivu zile soksi.

Kilichokuwa kinafanyika kwenye kile chumba sitakuandikia. Wewe si mtoto wa kutojua kwamba mtu mzima anaweza kumtumia mtoto vibaya, na kwamba akitaka afanye hivyo kwa raha zake huanza kwa kumfundisha kunyamaza. Kila kilichokuwa pale kilikuwa shule ya kunyamaza, namba, maumivu yasiyotajwa, na ukuta. Siku ya kuitwa ulikuwa umeshafaulu.

Siku moja mimi na Nane tulipangiwa kufua jezi. Tulikuwa tumechuchumaa majini, povu limetuzunguka. Viatu vyake vilikuwa vimekaa juu ya jiwe jana yake. Alifua kola ya jezi moja mpaka nikahofia itatoboka. Kisha akaniuliza bila kuinua uso.

"Nne, wewe umeshaitwa?"

Nikamjibu, "Mimi nina bahati bwana. Lile jiwe halinijui."

Nikaongeza na utani, maana mimi bila utani ni kama mchuzi bila chumvi. Nikamwambia viatu vyangu vinanuka, hata shetani akivishika atakwenda kuoga. Nane akacheka. Lakini siku hiyo alicheka kwa mdomo tu, mwili haukuwamo. Akakamua jezi, akaianika kwenye jiwe, na hakuuliza mtu mwingine tena swali lile. Kwa nini aulize? Alikuwa ameshajibiwa kwamba yuko peke yake.

Wiki ileile aliteleza kwenye mawe akaangukia goti. Likavimba kama papai. Mlezi alilichua kwa dawa ya moto, akalikaza kwa kitambaa, akamwambia asilitaje. Kulikuwa na mechi Jumamosi. Kipindi cha kwanza alikimbia vizuri, watu wakashangilia. Kipindi cha pili alipokea pasi pembeni, akageuka, goti likabaki linatazama kule lilikokuwa. Mlio wake niliusikia mimi niliyekuwa nyuma kabisa. Ulikuwa kama ukuni mkavu.

Mlezi hakuja hospitali. Tulimpeleka mimi na Tano juu ya baiskeli ya mwuza maziwa. Nesi alikuja na daftari, akauliza mgonjwa anaitwa nani. Nikamtazama Tano, Tano akanitazama. Nane mwenyewe alikuwa amezimia. Nilikula naye sahani moja miezi miwili, na sikuwa na jina la kumpa nesi.

"Anaitwa Nane," nikasema.

Nesi akaandika.

Jina lake ni Masalu. Unamjua. Ni yule baba anayeshona magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, mwenye mguu usiokunjika, ambaye ukimsalimia shikamoo anaitika bila kukutazama. Umewahi kuniuliza kwa nini nikipita pale sauti yangu inapanda na utani unakuwa mwingi. Sasa unajua. Miaka zaidi ya ishirini nimepita mbele ya mtu yule nikipiga kelele ili asipate nafasi ya kuniuliza tena.

Sasa nije kwenye kosa langu lenyewe, maana hilo la zamani nilikuwa mtoto.

Yule bwana wa gari jeupe alipokuja hapa Igoma mwezi uliopita, akakaa kwenye kile kiti chetu chenye mguu wa kuungwa, akasema anaitwa Mlezi wa vijana, mimi nilipaswa kumwagia maji. Neno lenyewe lilinipita mgongoni kama kitu chenye miguu mingi. Lakini alisema una mguu. Alisema siku hizi ni ruksa, biashara huria, hata mchezaji ni mali, atakupeleka Dar, na kutoka Dar Arabuni. Mwanangu, sifa zilinijaa mpaka masikioni. Nilitia sahihi karatasi yake bila kusoma, na kusoma najua. Nafasi yako ya shule, uliyoipata kwa kichwa chako mwenyewe, nilikuwa tayari ipotee. Nilikuwa nimeshaanza kutangaza mezani kwangu kwamba mwakani viatu nitavitoa ng'ambo, bado vipya, mwanangu akiwa amevivaa mara moja tu.

Akasema wazazi wasije kambini, kwa sababu mzazi akija mtoto analainika. Mama yako alitaka kuja Jumatano ya kwanza, ameshakaanga karanga. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba atakulainisha. Maneno ya yule bwana, kwa mdomo wangu. Karanga nilikula mimi.

Baada ya siku tisa ukarudi Jumapili moja kuchukua shuka. Ulikaa kizingitini. Mama yako akakuita, "Magesa." Hukugeuka. Akaita tena, hukugeuka. Akaita mara ya tatu, akiwa mita mbili nyuma yako. Nikadhani umenuna. Uani mdogo wako Nyangeta alikuwa akiruka kamba, akihesabu kwa sauti, tisa, kumi, kumi na moja.

Ukasema, "Naam."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Mama yako alinitazama. Mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema huyu kijana ameshakuwa mtu wa hesabu. Lakini nilipoinama kuweka kikombe chini nikaona viatu vyako mlangoni. Hapa kwetu ziwa halionekani, Magesa. Kuna kilima chote cha mawe katikati, kuna nyumba, kuna barabara ya Musoma. Na bado viatu vyako vilikuwa vimepangwa sawasawa, ncha zake zinalitazama kama vinaliona. Nilizunguka nyumba nikahakikisha. Havikuwa vimekosea hata upana wa kidole.

Nami nikakuacha ukarudi kambini jioni ile. Nilijua, na nikakuacha ukarudi. Ukinihesabia makosa, hilo liweke la kwanza.

Kesho yake nilivuka. Nilifika kwenye saa nane. Nilijua kwamba nimefika kabla sijaiona nyumba, kwa sababu ya kimya. Nilitembea kando ya ukuta, nikachungulia dirishani, nikaona migongo. Wavulana wamelala wamegeukia ukutani, na mmoja wao, mdogo kabisa, alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtu anayemsubiri daktari wa meno. Nje kulikuwa na jiwe. Si lile, lile liko ng'ambo ya mji, lakini bapa vilevile. Na juu yake viatu vyako. Nilivitambua kwa jino lile jekundu la njumu nililokubandikia mwenyewe kisigino cha kushoto. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unaosha miguu, kama ulivyoambiwa, na uliponiona ulishtuka kama mwizi.

Yule bwana akatoka. Akaanza kuniambia kwamba wazazi hawaruhusiwi. Na alipokuwa akisema, bila kutazama, kwa ncha ya mguu, alisogeza kiatu chako cha kushoto kidogo ili kikae sawa na ziwa.

Hapo ndipo nilipomwona. Uso ulikuwa umenenepa, ndevu zimeota, lakini mguu ule ulikuwa wa yule kijana aliyelala mkeka wa pembeni yangu.

"Umekuwa mtu mzima, Tano," nikamwambia.

Nyuma yake, ziwani, wale wadudu walikuwa wamepanda, nguzo mbili.

"Nawe Nne," akasema, "hujaacha kutembea kwenye nyumba za watu."

Ulisikia akiniita Nne. Ulidhani ni masihara ya watu wazima. Nilikuwa na ngumi, nilikuwa na maneno, na vyote vikakataa kutoka. Kilichotoka ni kile ambacho mdomo wangu umezoea. Wenzako walikuwa wameshainuka dirishani wanauliza kulikoni; nikasema nimepata mteja wa viatu. Nikachukua viatu, nikakuchukua wewe, nikaondoka. Wavulana kumi nikawaacha na ukuta wao.

Goti lako nililiona ndani ya kivuko, ulipokunja suruali. Siku ngapi ulicheza nalo hivyo? Daktari amesema miezi miwili usiguse mpira, na ukamtazama kama amekufunga jela. Mimi nilimtazama nikamwona Masalu juu ya baiskeli ya maziwa.

Tangu siku ile nimekwenda kwa wazazi wawili wa wenzako, na kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimewaambia wakawatoe watoto. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema Bwire bwana, unaona wivu kwamba wako amerudishwa. Mwenyekiti aliniuliza lini nitamaliza hadithi ili afike kwenye sehemu ya kucheka. Mtu akiwachekesha watu miaka ishirini, siku akisema kweli wanakaa wanasubiri kicheko. Sina wa kumlaumu.

Basi juzi nikaenda Mwaloni. Nikamwita Masalu kwa jina lake, ilikuwa mara ya kwanza. Sindano ikasimama kwenye gunia. Nikamweleza kila kitu, Tano, jiwe, goti lako, wale kumi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia twende wote polisi, watu wawili hawachekwi kama mmoja.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nijibu kwanza. Ile siku tunafua jezi, ulichonijibu kilikuwa kweli?"

Nilifungua mdomo, Magesa. Harufu ya dagaa, kelele za wachuuzi, mitumbwi inapakua, na mimi nimefungua mdomo kama sangara. Hakukutoka kitu. Hata utani haukutoka.

"Basi," akasema. "Ukiwa tayari, nipo hapa." Akaendelea kushona.

Kesho basi likishaondoka na wewe nitashuka Kirumba. Niliwaza usiku wa jana kwamba siwezi kumwambia Masalu kabla sijakwambia wewe. Au labda nafanyia mazoezi kwako, maana kwako naweza kuandika, na kalamu haina sura ya kunitazama.

Kuhusu huko unakokwenda. Wiki hii niliposema nakwenda Bunda kufuata mzigo, nilikwenda shuleni kwenu. Nilimwona mwalimu wa michezo, ni mwanamke, ana kipenga shingoni hata akiwa anakula. Nilimwuliza wanafunzi wakisafiri kwenda kucheza wanalala wapi, mlango unafungwa na nani, na kama mzazi anaruhusiwa kuja bila taarifa. Hakuudhika. Alinionyesha bweni, akanionyesha mlango, akasema njoo hata kesho. Nilipenda kutoudhika kwake kuliko nilivyopenda uwanja, na uwanja wenyewe ni mzuri, una nyasi. Nilimwambia habari ya goti lako. Akaandika kwenye daftari, na aliandika Magesa Bwire, majina yote mawili.

Ukicheza, cheza. Sikuchukii wala mpira siuchukii. Likiuma, sema linauma, hata kama ni dakika ya mwisho na uwanja mzima unaimba. Mtu yeyote akikupa jina la kuitikia ambalo mama yako hawezi kukuitia, rudi nyumbani siku hiyohiyo, nauli tutajua mbele ya safari. Na mtu mzima yeyote akikwambia jambo fulani libaki kati yenu wawili, hilo ndilo la kumwambia wa tatu.

Siku zile tisa sikuulizi. Sijui kama ile niliyoikuta ilikuwa mara ya kwanza viatu vyako kukaa pale. Naomba iwe hivyo. Kama sivyo, hukuwa na kosa lolote, hakuna kitu ndani yako kilichomwita. Unaweza kuniandikia mimi, au mama yako, au kumwambia yule mwalimu. Maneno matatu yanatosha. Sitacheka, na nikicheka, ujue nimeogopa, endelea kusema.

Na usije ukadhani kwamba aliyepita kwenye kile chumba lazima atoke kama Tano. Masalu alipita. Amevunjika mguu na hajamvunja mtu.

Kuna jambo moja mama yako aliniambia wiki hii. Alikuja pale mezani kwangu na chakula, akasimama muda mrefu akitazama biashara. Akaniuliza kwa nini viatu vyote, mamia yote yale, vya kike, vya watoto, raba, buti, vinatazama upande mmoja. Nikamwambia ni mtindo wa kuuzia, wa Nairobi. Akasema, "Huko ni ziwani." Akaweka chakula akaondoka. Nilijaribu kuvigeuza. Niligeuza safu moja. Kufika saa kumi nilikuta nimeshavirudisha, na sikumbuki nilivirudisha saa ngapi.

Kwa hiyo, mwanangu, rudi pale juu nilipoanza. Mamba ni kweli. Robota ni kweli. Mama yako ni kweli kabisa, na wale watu wenye baiskeli bado wanamuulizia.

Ile bahati nyingine ni uongo. Nilimdanganya nayo Masalu, na leo nimejaribu kukudanganya nayo wewe. Viatu vyangu viliwekwa juu ya jiwe. Vilikuwa vya kwanza.